Kinachobuniwa na Kinachoachwa: Juu ya Ukweli wa Modeli za Boriti Zinazozunguka

Falsafa ya sayansi imeuliza kwa muda mrefu jinsi maelezo ambayo mtungaji wake mwenyewe anajua kwamba si ya kweli yanavyoweza kumfikisha mtu kwenye ukweli. Modeli ya kihisabati, yaani mfano wa kitu ulioandikwa kwa milinganyo badala ya kuchongwa kwa mti au kufinyangwa kwa udongo, haifanani kamwe na kitu chenyewe kwa ukamilifu, na kutofanana huko kuna sura mbili ambazo hazikutenganishwa kila mara kwa uangalifu unaostahili: mtungaji anaweza kuingiza katika modeli jambo ambalo halimo duniani, na anaweza kuondoa jambo lililomo. Katika maadili ya kawaida kosa la kwanza huhesabiwa kuwa zito kuliko la pili, kwa kuwa anayezua jambo huitwa mwongo, ilhali anayelinyamazia huweza kupata udhuru. Insha hii inashikilia kwamba katika modeli za maumbile mizani hiyo hugeuka, kwamba jambo la kubuni laweza kuwa halina madhara kabisa huku jambo lililoachwa likiangusha hesabu nzima, na kwamba sababu ya mgeuko huo huonekana wazi zaidi katika tawi moja la umakanika ambalo wanafalsafa hawana mazoea nalo, yaani mwendo na mitetemo ya boriti nyumbufu zinazozunguka.

Boriti, kwa maana ya wahandisi, ni kitu chochote ambacho urefu wake unazidi mno upana na unene wake, na ambacho hubeba mzigo kwa kupinda. Huitwa nyumbufu pale ambapo kupinda kwake hakuwezi kupuuzwa. Panga la helikopta ni boriti ya namna hiyo, na vivyo hivyo antena ya setilaiti inayojizungusha angani, na mapanga ya mitambo 365 ya upepo iliyosimikwa karibu na Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit nchini Kenya, yenye uwezo wa kufua megawati 310 za umeme. Duara linalochorwa na mapanga ya kila mtambo wa hapo lina kipenyo cha mita 52, na mtambo unapozunguka mara 26 kwa dakika, ncha ya panga huwa na mchapuko, yaani badiliko la kasi au la mwelekeo kwa kila sekunde, unaokaribia mara 20 ya ule wa kitu kinachoanguka ardhini. Kwa maneno mengine, kila kilo moja ya nyenzo iliyo nchani hulivuta shina la panga kana kwamba ni kilo 20, na panga zima limo katika mvutano mkubwa hata kabla upepo haujalipinda.

Modeli ambayo bado ni msingi wa hesabu hizi ilitungwa katikati ya karne ya 18 na Leonhard Euler na Daniel Bernoulli. Ndani yake boriti hugeuzwa kuwa mstari mmoja usio na unene, na kila mkato unaokatiza mstari huo hudhaniwa kubaki bapa na wima juu yake hata boriti inapopinda. Mwaka 1921 Stephen Timoshenko alilegeza sharti hilo la pili, akauruhusu mkato uiname kidogo. Kutokana na milinganyo hiyo hupatikana masafa ya asili, ambayo ni idadi ya mitetemo inayofanywa na boriti kwa sekunde ikigongwa mara moja kisha ikaachwa. Msukumo wowote unaojirudia kwa kadiri hiyohiyo, uwe wa upepo au wa mashine, huikuza mitetemo hadi nyenzo ichoke na kuvunjika, na ndiyo maana mhandisi hawezi kulala usingizi mpaka ajue kama kuzunguka kunayapandisha masafa hayo au kunayashusha.

Ili kulijibu swali hilo, mhandisi hujiweka mahali pa mtazamaji anayezunguka pamoja na panga, kwa sababu kwa mtazamaji huyo panga limetulia na mitetemo yake midogo huonekana peke yake. Hata hivyo, sheria za Newton zilizochapishwa mwaka 1687 hazimfai mtazamaji anayezunguka mpaka aongeze kani mbili ambazo hakuna kitu kinachozitoa: kani ya kutoka kitovuni, inayosukuma kila chembe kwenda nje, na kani ya Coriolis, iliyopewa jina la Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, inayoisukuma kando chembe inayosogea ndani ya mfumo huo unaozunguka. Mtazamaji aliyesimama ardhini hazioni kani hizo, kwani yeye huona tu chembe ambazo kama zingeachwa zingekwenda moja kwa moja, na shina la panga linalozilazimisha kufuata duara. Hapa basi pana jambo la kubuni lililoingizwa katika modeli kwa makusudi, na mwanafalsafa George Berkeley, katika kitabu chake cha mwaka 1721 kiitwacho De Motu, alikwenda mbali zaidi kwa kudai kwamba kani zote za umakanika ni zana za hesabu ambazo hazipaswi kudhaniwa kuwa sifa halisi za vitu.

Uzito wa shaka hiyo hupimika vizuri kwa mfano wa panga gumu lililofungwa kwa bawaba. Juan de la Cierva, mhandisi wa Kihispania, alibuni chombo kilichoruka Januari 1923, ambacho mapanga yake yaliungwa na kitovu kwa bawaba, hivi kwamba kila panga liliweza kuinuka na kushuka likiwa linazunguka. Endapo bawaba iko katikati hasa ya mzunguko, hesabu ya mtazamaji anayezunguka husema kwamba panga likisukumwa kidogo juu, kani ya kutoka kitovuni hulirudisha, nalo hutikisika juu na chini mara moja kamili kwa kila mzunguko. Mtazamaji wa ardhini hana kani hiyo, lakini pia hana haja nayo, kwa sababu kwake hakuna mtetemo wowote: panga linazunguka tu katika bapa lililoinama, na kitu kinachozunguka katika bapa lililoinama hupanda na kushuka mara moja kwa mzunguko. Mmoja anahesabu mtetemo, mwingine anahesabu duara, na jibu ni lilelile hadi tarakimu ya mwisho. Kani ya kubuni haikumdanganya yeyote, kwa kuwa kila alichokiongeza mtazamaji anayezunguka kina kanuni ya kukitafsiri kurudi katika lugha ya yule aliyesimama, wala hakibaki chochote kisichotafsiriwa.

Mambo huwa tofauti kabisa kwa kinachoachwa. Boriti inapopinda, ncha yake haiendi kando tu, bali husogea kidogo kuelekea shina, kwa sababu urefu wa boriti wenyewe haubadiliki na mstari uliopinda hufika karibu zaidi kuliko ulionyooka. Msogeo huo ni mdogo mno: boriti ya mita 25 ambayo ncha yake imepinda kwa mita 1 hujivuta ndani kwa kiasi cha sentimita 2 au 3 tu, na kupinda kukipungua mara kumi, kujivuta hupungua mara mia, kwa kuwa kunafuata mraba wa kupinda. Katika shule zote za uhandisi mwanafunzi hufundishwa kwamba kupinda kukiwa kudogo, kinachofuata mraba wake ni kidogo cha vidogo, na kwamba ni halali kukifuta mwanzoni ili milinganyo iwe myepesi. Kwa boriti iliyotulia fundisho hilo ni sahihi, na majengo na madaraja yasiyohesabika yamesimama juu yake.

Boriti inayozunguka hulikataa. Ili ncha isogee ndani sentimita hizo chache, ni lazima ishindane na mvutano wote wa kutoka kitovuni, na kazi inayofanywa katika kushindana huko ni zao la msogeo mdogo na kani kubwa. Nishati inayohifadhiwa ndani ya boriti kwa kupinda nayo hufuata mraba wa kupinda, yaani iko katika daraja lilelile la udogo na kile kilichofutwa, na hivyo aliyekifuta hakuondoa punje ndogo kutoka katika rundo kubwa, bali aliondoa kitu kinacholingana na rundo lenyewe. Kwa panga lenye umbo sawa toka shina hadi ncha, lililokazwa katikati ya mzunguko, hesabu kamili huonyesha kwamba mraba wa masafa yake ya kwanza huongezeka kwa karibu 1.2 ya mraba wa kasi ya mzunguko likitikisika nje ya bapa la mzunguko, na kwa karibu 0.2 likitikisika ndani ya bapa hilo. Kuzunguka hulikakamaza panga, kama kamba ya teo inavyokaza inapozungushwa. Hesabu iliyofuta kujivuta, kinyume chake, husema kwamba kwa mtikisiko wa ndani ya bapa mraba wa kasi ya mzunguko hupunguzwa kutoka katika mraba wa masafa ya asili, na kwa hiyo kasi ikiyafikia masafa hayo panga hupoteza ukakamavu wake wote na kupinda bila kikomo. Kosa halikuwa la asilimia chache. Ishara ya kujumlisha imegeuka kuwa ya kutoa, na kitu kinachoimarika kimetangazwa kuwa kinakufa.

Kinachostahili kutafakariwa ni kwamba jambo hili lilikuwa limeshajulikana. Horace Lamb na Richard Southwell walichapisha mwaka 1921 uchunguzi wa mitetemo ya sahani inayozunguka, na kanuni ya kuongeza mraba wa kasi ya mzunguko juu ya mraba wa masafa ya asili ilibaki na jina la Southwell miongoni mwa wahandisi wa mapanga ya ndege. Pamoja na hayo, mwaka 1987 Thomas Kane wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na Ryan na Banerjee, walilazimika kuonyesha kwamba programu za kompyuta zilizotumika kuhesabu mwendo wa vyombo vya angani vyenye mikono nyumbufu ziliangukia katika kosa hilohilo, kwa sababu zilifuta mraba wa kupinda kabla ya kuunda milinganyo ya mwendo badala ya kufuta baada ya kuiunda. Kiasi kilichofutwa kilikuwa kimoja, na udogo wake ulikuwa mmoja. Kilichotofautisha halali na haramu ni wakati wa kufuta. Kutoka hapo hufuata jambo ambalo falsafa ya urahisishaji haijalipa uzito wa kutosha, nalo ni kwamba udogo si sifa ya kitu, bali ni hukumu inayotolewa juu ya kitu baada ya kukutanishwa na kila kitakachokizidisha, na anayehukumu kabla ya makutano hayo hana ushahidi, hata kama kipimo chake ni sahihi.

Berkeley aliukaribia ukweli huo kwa njia ya dini. Katika The Analyst, kitabu kilichotoka mwaka 1734, mwaka uleule aliofanywa askofu wa Cloyne nchini Ireland, alimwandikia mwanahisabati asiyeamini na kumwuliza kwa haki gani anaidai dini iwe na uwazi kamili, ilhali katika hesabu zake za mabadiliko anakichukua kiasi kidogo kama kitu anapohitaji kugawanya kwacho, kisha anakitupa kama si kitu anapokuwa hakihitaji tena. Alieleza pia kwamba majibu yalitoka sahihi kwa sababu makosa mawili yalifutana, na Hans Vaihinger, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1911 juu ya falsafa ya kana kwamba, alilichukua wazo hilo na kuligeuza kuwa kanuni: jambo la kubuni ni halali katika fikra mradi limesahihishwa na kosa la kinyume chake kabla ya hitimisho. Wanahisabati wa karne ya 19, Cauchy na Weierstrass miongoni mwao, waliiponya hesabu yenyewe kwa nadharia ya vikomo. Hawakuliponya, na hawangeweza kuliponya, shauri la mhandisi, kwa sababu nadharia ya vikomo humwambia mtu namna ya kufuta kwa usafi, lakini haimwambii ni kitu gani katika ulimwengu kinachoruhusiwa kufutwa. Askofu huyo alistahili jibu bora kuliko alilopewa na mahasimu wake, na sehemu ya jibu hilo ilikuja kutoka kwa mapanga yanayozunguka ambayo hakuyaona.

Katika uhandisi kuna kisa cha zamani kuliko kile cha programu za kompyuta, ambamo kubuni na kuacha vilichanganyika. Mwaka 1869 William Rankine, mmoja wa wahandisi wakubwa wa Uskoti, alichunguza shafti ndefu inayozunguka na kuhitimisha kwamba iko kasi ya hatari ambayo juu yake shafti haiwezi kufanya kazi, kwa kuwa kani ya kutoka kitovuni itaushinda ukakamavu wake daima. Wahandisi wengi waliliheshimu katazo hilo. Lakini mwaka 1889 Gustaf de Laval wa Sweden aliitengenezea tabo yake ya mvuke, yaani gurudumu linalozungushwa na mvuke, shafti nyembamba iliyoivuka kasi hiyo na kutulia zaidi ilipokuwa juu yake. August Föppl wa Ujerumani alitoa maelezo ya kihisabati mwaka 1895, lakini hayakuwafikia wengi, na katika Uingereza jambo hilo halikutulia mpaka Henry Jeffcott alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1919. Katika hesabu yake Rankine alikuwa ameiingiza kani ya kutoka kitovuni na kumwacha nje mwenzake, kani ya Coriolis, ambayo ndiyo inayoizuia shafti isikimbie nje. Ikumbukwe kwamba kani zote mbili ni za kubuni. Kosa lake basi halikuwa kubuni, bali kubuni nusu, na tafsiri iliyoacha nusu ya sentensi ilizaa katazo lililoonekana kuwa la maumbile yenyewe kwa muda wa miaka 50. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya cha mlinganyo huo kiliwazuia mafundi wengi wa nusu karne kuifikia kasi ambayo vyuma vilikuwa tayari kuistahimili.

Mfano wa setilaiti Explorer 1, iliyorushwa na Marekani tarehe 31 Januari 1958, unaongeza ugumu ambao hauwezi kukwepwa. Chombo hicho chembamba kilikusudiwa kujizungusha juu ya mhimili wake mrefu, na nadharia ya Euler kuhusu gimba gumu, yaani kitu kisichopinda kabisa, iliruhusu mzunguko huo kuwa thabiti. Lakini kilikuwa na antena nne nyumbufu, na kila antena ilipopinda na kunyooka, msuguano wa ndani uligeuza sehemu ndogo ya nishati ya mwendo kuwa joto. Momenta ya mzunguko, ambayo ni kipimo cha mwendo wa kuzunguka kisichopotea pasipo kitu cha nje kuusokota mwili, ilibaki ileile huku nishati ikipungua, na njia pekee ya mwili kubaki na momenta ile kwa nishati ndogo zaidi ni kuzunguka juu ya mhimili ulio mgumu zaidi kuzungushwa. Katika muda mfupi setilaiti ilikuwa inapinduka kichwa kwa miguu. Hapa hakukuwa na kani kubwa ya kukizidisha kidogo kilichoachwa. Kilichokizidisha ni muda, na muda hauulizi kiasi, kwa kuwa upotevu wa nishati hata uwe mdogo namna gani huleta mwisho uleule ukicheleweshwa tu.

Mtu anaweza kupinga kwamba hoja hii inadai lisilowezekana. Kila modeli huacha mambo yasiyo na idadi, kuanzia rangi ya panga hadi mvuto wa mwezi juu yake, na lau kuacha kungekuwa dhambi, pasingekuwa na sayansi yoyote. Pingamizi hilo ni la haki, na linalazimisha hoja itajwe kwa usahihi zaidi: kinacholaumiwa ni kuacha pasipo hesabu ya kile kilichoachwa, na si kuacha kwenyewe. Rangi ya panga inaweza kuachwa kwa sababu inajulikana kwamba hakuna kani wala muda unaoizidisha, ilhali kujivuta kwa ncha kuliachwa kwa sababu tu kulionekana kudogo pale mezani. Kani ya kubuni haimdhuru mtumiaji wake kwa kuwa imeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kuulizwa, kupingwa na kutafsiriwa. Kilichofutwa hakina mahali pa kuulizwa, na kompyuta itakayopokea milinganyo baadaye haitajua kwamba kiliwahi kuwapo. Ni kweli pia kwamba hakuna awezaye kuorodhesha yote aliyoyaacha, kwa kuwa mengine hata hayajamjia akilini. Wanazuoni wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, kama wenzao kwingineko, wana desturi ya kufunga fatwa kwa kukiri kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi, na desturi hiyo hueleweka vibaya inapochukuliwa kuwa adabu tu, kwa sababu inatenda kazi ya kielimu: inamwambia msomaji kwamba hukumu imefika hapa, na kwamba nje ya mpaka huu yako mambo ambayo mtoa hukumu hakuyapima. Ripoti ya mhandisi inayotoa masafa ya panga bila kutaja mpaka wake ina upungufu ambao kuongeza tarakimu baada ya nukta hakuwezi kuuziba.

Umuhimu wa jambo hili umeongezeka kadiri mapanga yalivyorefuka, kwa maana yale ya mitambo ya baharini leo yanapita mita 100 na ncha zake hupinda mita nyingi, hata wazo la kupinda kudogo halishiki tena. Eric Reissner mwaka 1972, kisha Juan Simo mwaka 1985, walitunga nadharia za boriti ambazo hazifuti chochote katika jiometri ya mstari uliopinda, hivi kwamba kujivuta, kujisokota na kukakamaa hujitokeza vyenyewe bila mtu kuvikumbuka. Hata hivyo nadharia hizo bado zinashikilia dhana ya karne ya 18 kwamba mkato wa boriti haubadili umbo lake. Panga la kisasa ni gamba tupu lenye kuta nyembamba, na L. G. Brazier alionyesha tangu mwaka 1927 kwamba bomba jembamba likipindwa, mkato wake hubonyea kwa kiasi kinachofuata mraba wa kupinda, na kubonyea huko hupunguza ukakamavu wake mpaka likunjike ghafla. Kwa hiyo kidogo kingine cha vidogo, cha daraja lilelile na kile kilichozipotosha programu za vyombo vya angani, bado kiko nje ya milinganyo inayotumika kila siku, na ni kazi ya wanaohesabu mapanga marefu kusema kwa maandishi, kwa kila panga, ni mzigo gani utakaokizidisha na kwa kiasi gani.